Wiki ya sita Ujerumani: wanajadili Kondoa yetu darasani, mimi nimenyamaza. Kwa nini hatuongei?

#1 Haubi_Juu
Habari wadau wa Dodoma na kanda yote ya kati.

Nipo Ujerumani tangu mwanzo wa Oktoba, nasoma shahada ya pili ya mambo ya ardhi na mazingira. Kozi ni ya Kiingereza. Mengi niliyoyaogopa kabla ya kuja yamekuwa mepesi. Baridi dawa yake koti. Basi linafika dakika ileile iliyoandikwa kwenye nguzo. Giza la saa kumi na nusu jioni linaniumiza kichwa, lakini nalizoea. Kilichonishinda ni darasa.

Jumanne iliyopita tulikuwa na semina. Watu kumi na wawili, meza zimepangwa duara, profesa amekaa katikati yetu na kikombe chake cha chai, usipoambiwa huwezi kujua nani anafundisha. Tulipewa makala ya kusoma nyumbani kuhusu mmomonyoko wa udongo kwenye nchi kavu. Usiku ule nafungua ukurasa wa nne, nakutana na Kondoa. Tena Haubi kwetu! Kuna picha ya korongo lenye kingo nyekundu ambalo nimelivuka miaka saba nikienda shule. Makala inaeleza mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi wa kuokoa udongo), mifugo ilivyoondolewa vilimani, majani yalivyorudi.

Semina ikaanza. Kijana mmoja akaeleza vizuri sana, dakika tano bila kuangalia karatasi, akamalizia kwamba wananchi walikubali kuondoa mifugo kwa sababu waliielewa faida yake. Sasa babu yangu alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Habari ya siku walipoondoka nimeisikia tangu naota meno, na haikuwa hivyo. Profesa akauliza nani ana la kuongeza. Akazungusha macho, yakafika kwangu, yakasubiri. Moyo unanidunda mpaka masikioni. Maneno ninayo. Nikainamia karatasi. Macho yakapita.

Mwisho wa kipindi wakagonga meza kwa vifundo vya vidole, ndiyo makofi yao huku. Na mimi nikagonga. Nimekaa kituo cha basi, mabasi mawili yamepita sijapanda.

Kiingereza ninacho, na shahada ya kwanza nimemaliza hapohapo Dodoma na GPA nzuri tu. Naombeni mniambie ukweli: kwa nini sisi tunanyamaza?

#2 Siti_ya_Mbele
Nimeshakaa. Kahawa ipo, kashata zipo. Wataalamu karibuni.

#3 Mwalimu_Kibaigwa
Pole sana kaka. Mimi nafundisha sekondari mwaka wa kumi na tisa sasa, na jibu naliona kila Januari. Mtoto anatoka darasa la saba anauliza maswali mpaka unachoka, maana miaka yote saba amesoma kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza, kila kitu Kiingereza. Siku ya kwanza ananyoosha kidole, anasimama, anafungua mdomo, neno halipo. Anakaa. Siku ya pili ananyoosha nusu. Mwezi wa tatu mkono haupo tena. Mkono ule haurudi hata akipata digrii. Wewe unajua Kiingereza, ni sawa, lakini kunyamaza ulijifunza kabla hujakijua.

Huyo Mjerumani mwenzako amesoma kwa lugha ya mama yake tangu chekechea. Kiingereza kimemkuta ameshazoea kubishana.

#4 Fundi_AreaC
Mwalimu hapo juu, nakuheshimu, ila lugha naikataa. Njoo kwenye mkutano wetu wa mtaa. Kiswahili mwanzo mwisho. Mwenyekiti anasoma mapato na matumizi, kisha anauliza, "Kuna swali?" Kimya, unasikia upepo tu kwenye mabati. Mkutano unafungwa. Sasa tembea hatua ishirini mpaka kwa muuza mahindi ya kuchoma! Hapo maswali yote yanatoka: hela ya mfereji iko wapi, nani kapewa kazi ya kalavati. Kiingereza kimeingilia wapi hapo?

Sisi tunaongea sana. Tunaongea mlangoni, baada ya kikao.

#5 Mpwapwa_Kwetu
Fundi umenigusa. Nimesoma hukohuko miaka miwili, sasa nipo nyumbani. Mleta uzi, mambo matatu ya haraka.

Moja, wiki sita ni chache mno kujihukumu. Mimi nilifungua mdomo wiki ya tisa.

Mbili, semina ya huko sehemu kubwa ni ufundi tu. Atakayesema dakika kumi za mwanzo, hata kama ni kuuliza maana ya neno moja, anapata njia mpaka mwisho. Ukingoja upate hoja kubwa, mlango umeshafungwa. Nilimwangalia Mjerumani mmoja muhula mzima nikagundua nusu ya aliyosema yalikuwa ya kawaida kabisa, ila alianza mapema.

Tatu, jiandae na maksi. Karatasi yangu ya kwanza ilirudi na 1.7. Nikapiga simu nyumbani na sauti ya kufa. Mzee akakaa kimya, akaniambia, "Rudi tu mwanangu, mashamba yapo." Kwetu GPA ya juu ni 5.0, ukiwa chini ya 2.0 umeshapotea. Kwao 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya kuvukia, na 5.0 umefeli! Ilinichukua siku mbili kujua kwamba 1.7 ni kazi nzuri, nikapiga simu tena kumtoa mzee kwenye huzuni.

#6 Siti_ya_Mbele
"Mashamba yapo." Nampenda huyo mzee bila kumwona.

Ila hapa mtaani tunaambiwa Wajerumani hata dakika moja hawachelewi. Ni kweli?

#7 Mpwapwa_Kwetu
Kwenye basi na miadi ya daktari, ndiyo. Chuoni kuna utaratibu wao wa zamani: ratiba ikiandikwa saa nne halafu pembeni pana herufi c.t., kipindi kinaanza saa nne na robo. Ile robo ni ya halali. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa nakaa peke yangu ukumbini nadhani nimekosea jengo.

#8 Nesi_Mvumi
Mnazunguka. Ni woga, na woga una mtu aliyeupanda. Kidato cha pili nilisoma kwa sauti neno "determine" nikatamka mwisho wake kama "mine", yaani nikamalizia na "maini" ya kuku. Mwalimu akacheka kwanza, halafu darasa zima. Mpaka namaliza kidato cha nne jina langu lilikuwa Maini. Leo ni muuguzi, nimeokoa watu, lakini mganga mkuu akiuliza kwenye kikao cha asubuhi nani ana maoni, namsikia yule mwalimu anacheka. Sina la kuongeza kuhusu lugha wala ufundi. Tulichekwa.

#9 Mzee_wa_Mnadani
Nimesoma yote kwa utulivu. Mimi ni Mrangi, nimezaliwa Kondoa, nipo Dodoma mjini tangu 1991.

Mnasema woga, mimi nasema adabu. Tulilelewa hivi: watu wazima wakizungumza, mtoto anasikiliza. Akitaka kusema anamnong'oneza mama, mama ndiye anafikisha. Huo haukuwa woga, ulikuwa mpango, na kila mtu alijua zamu yake itafika. Huyu kijana mbele ya profesa amefanya alichofundishwa na watu waliompenda. Tusimseme kama mgonjwa.

#10 Fundi_AreaC
Shikamoo mzee. Nakubali adabu, lakini zamu inafika lini? Nina miaka 46, mkutanoni bado nangoja.

Halafu kuhusu hao ng'ombe wa Kondoa, si waliondolewa 1973, kipindi kilekile cha watu kuhamishiwa vijiji vya Ujamaa?

#11 Mzee_wa_Mnadani
Marahaba. Hapana. 1973 ndipo HADO ilipoanza, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, ndiyo maana watu wanachanganya. Kwa miaka ya mwanzo walichimba makinga maji na kupanda miti. Mifugo iliondolewa 1979. Naikumbuka kwa sababu vita vya Kagera vilikuwa vimeshika kasi na kaka yangu alikuwa huko.

#12 Nesi_Mvumi
Na huku Mvumi zamu yetu ilikuwa 1986. Bibi alikuwa akiitaja HADO kama anavyotaja mwaka wa njaa.

#13 Haubi_Juu
Asanteni sana, nasoma kila mstari. Mwalimu, mimi ni dada, si kaka. Haina neno.

Mzee shikamoo. Umenitoa machozi hapo kwenye "watu waliompenda".

Nesi, mimi sikuchekwa shuleni. Nilikuwa wa kwanza au wa pili darasani, sijawahi kuitwa jina baya. Kwa hiyo sababu yako naiamini kwako ila kwangu haikai. Ya Mwalimu inakaa nusu.

Kitu kingine nilichokiona: wenzangu wanakosea hadharani na dunia haianguki. Juzi msichana mmoja alitaja nchi ya Sahel akaiweka kusini mwa Afrika. Profesa akasema, "Tuangalie ramani." Wakaangalia. Msichana akasema "aha", akaendelea na hoja yake. Mimi ningehama chuo.

#14 Dk_Makulu
Nafundisha chuo kimojawapo hapa Dodoma, niseme kidogo kutoka upande wa pili wa meza.

Kozi yangu ya mwaka wa kwanza ina wanafunzi zaidi ya 400. Kila mmoja akiuliza swali la dakika moja, zaidi ya saa sita na nusu zimekwisha na sijafundisha. Kwa hiyo natoa mhadhara, wao wanatafuta madesa (notisi za kukariri), mtihani unakuja. Alama 40 ni za kazi na majaribio ya ndani, 60 za mtihani wa mwisho, na hakuna hata moja inayotolewa kwa kuzungumza. Mwanafunzi mwenye akili anapiga hesabu: kuongea hakulipi, kukesha na madesa kunalipa, kunamkinga na sapu (kurudia mtihani) na kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli). Ukimbadilishia mtihani, mdomo unafunguka wenyewe. Nimejaribu kwa darasa dogo la mwaka wa tatu, nikaweka alama 10 za kujadili. Wiki mbili tu nikawa naomba wanyamaze.

Kwa hiyo si Kiingereza, si kuchekwa, wala si adabu. Ni mfumo wa kupima.

#15 Nkuhungu_Juu
Mwalimu na Dokta, mimi nipo China mwaka wa tatu. Wachina wamesoma kwa Kichina tangu watoto, hakuna kubadilisha lugha kidato cha kwanza. Na darasani wamenyamaza kuliko sisi! Profesa akiuliza, vichwa vyote chini. Wageni ndio tunaojibu. Kwa hiyo nadharia ya lugha peke yake haisimami.

#16 Mwalimu_Kibaigwa
Dada Haubi_Juu, samahani sana kwa "kaka".

Nkuhungu, sijasema lugha ni sababu ya kila mtu duniani, nimesema ni ya kwetu. Na nawakumbusha jambo moja: Wajerumani haohao walipotutawala, shule zao za serikali zilifundisha kwa Kiswahili. Mkoloni aliona Kiswahili kinatosha kufundishia, sisi wenyewe mpaka leo tunasitasita. Sera ya Elimu ya 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya kufundishia ngazi zote, lakini darasani kwangu vitabu bado ni Kiingereza.

#17 Dk_Makulu
Mwalimu, historia hiyo ni sahihi ila ikamilishe. Shule zile zilikuwa za watu wachache, shabaha ikiwa kupata makarani, maakida (wasimamizi wa maeneo chini ya Wajerumani) na walimu wasaidizi. Karani hakufundishwa kuuliza, alifundishwa kuandika alichoambiwa. Unaweza kusoma kwa Kiswahili safi na bado ukanyamazishwa.

#18 Kijana_wa_Bahi
Samahani kwa kutoka nje ya mada. Ni kweli Ujerumani ada ni bure? Nina diploma ya kilimo na nataka kuendelea.

#19 Mpwapwa_Kwetu
Vyuo vya umma kwenye majimbo mengi havitozi ada, unalipa mchango wa muhula tu. Lakini usiseme "bure kote": jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula. Na kama huna ufadhili, ubalozi utataka uonyeshe akaunti iliyofungwa, yaani yenye hela yako ya kujikimu inayotolewa kidogo kidogo. Tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, unachukua 992 kwa mwezi na huwezi kuzidisha. Hiyo ndiyo inayokwamisha vijana wetu, ada haijawahi kuwa tatizo kubwa. Diploma peke yake mara nyingi haitoshi kuingia moja kwa moja, maliza digrii hapa kwanza.

#20 Kijana_wa_Bahi
Asante kaka, nimeandika.

Sasa kwa kuwa nipo hapa, nami niseme. Wote mmezungumzia mdomo. Mimi naona tatizo lipo kwenye kile kilichotaka kutoka. Dada alikuwa na habari ya babu yake. Je, alinyamaza kwa sababu hakuweza kusema, au kwa sababu hakuamini kwamba habari ya babu ni elimu? Kwetu Bahi baba analima mpunga miaka thelathini, anajua kila aina ya udongo kwa kuukanyaga. Mimi chuoni niliandika insha ya udongo wa Bahi nikanakili kitabu cha mtu ambaye labda hajawahi kufika. Baba sikumtaja. Hata wazo la kumtaja halikunijia.

#21 Fundi_AreaC
Kijana umepiga nyundo kichwani. Nimesimamisha kazi nasoma.

#22 Haubi_Juu
Nimechelewa kujibu, saa zimerudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na mama bado anapiga kwa hesabu ya zamani, ananikuta darasani. Tulipishana saa moja, sasa ni mbili.

Kijana wa Bahi, comment yako nimeisoma mara nne. Ndiyo. Wakati macho ya profesa yananisubiri, nilichokuwa nawaza ni hiki: watu wanataja waandishi na miaka, mimi nitasema "babu aliniambia"? Nitaonekana nasimulia hadithi. Makala ilikuwa na jedwali. Babu hana jedwali.

Jana usiku nimemwandikia profesa barua pepe. Nimeandika na kufuta kuanzia saa mbili mpaka saa sita. Nikamwambia natoka kijiji kilichopo ukurasa wa nne na kwamba habari ya kukubali kwa hiari siyo nilivyoisikia. Asubuhi amejibu mistari mitatu. Ananipa dakika kumi Jumanne ijayo. Anasema masimulizi ya waliokuwepo ni ushahidi kama ushahidi mwingine, ila nao unapimwa: ni nani, mwaka gani, alikuwa na umri gani, aliona mwenyewe au aliambiwa.

Sasa hapo ndipo nimekwama. Babu alifariki 2016. Nilichonacho ni vipande. Mzee wa Mnadani, wewe uliona mwenyewe?

#23 Mzee_wa_Mnadani
Niliona. Nilikuwa na miaka kumi na mbili.

Andika pia yaliyo kinyume na maumivu yetu, usiwafiche. Majani yalirudi kweli. Mwaka wa pili wake mahali palipokuwa mfupa mtupu pakawa na nyasi za kufika magotini, na makorongo yakaacha kupanuka. Nani atakataa? Lakini hakuna aliyekuja kutuuliza kama tunaelewa faida. Ilikuwa amri. Na haikuwa ng'ombe tu, walikwenda mbuzi, kondoo na punda. Watu husahau punda. Punda alipoondoka, maji yalihamia kichwani kwa mama na dada zangu.

Sisi tulikuwa na ng'ombe tisa. Wanne baba aliuza kwa bei ya kutupa, maana kila mtu alikuwa anauza siku ileile. Watano tukawateremsha upande wa mashariki kuelekea nyika ya Wamasai, kwa rafiki wa baba. Tulitembea siku tatu. Kulikuwa na ndama wa wiki moja, baba alimbeba mabegani, miguu minne ameishika kifuani kama anavaa mtandio.

Siku ya kumi na moja baada ya sisi kurudi, alfajiri, mama akasikia mlio zizini. Katoka na koroboi. Mama yake yule ndama amesimama palepale alipozoea kufungwa, peke yake, kiwele kimejaa mpaka kinachuruzika. Ametembea njia yote ile usiku. Mama hakuita mtu. Alichuchumaa akamkamua kwanza, akatuamsha tukanywa gizani, yangali na joto. Ndipo akamwamsha baba, na baba akachukua kamba akamrudisha kabla jua halijatoka, asije akaonekana. Baba hakusema neno siku ile. Na yeye alikuwa mtu wa maneno mengi.

#24 Nesi_Mvumi
Mzee.

#25 Dk_Makulu
Mzee wangu, kwa ruhusa yako ningependa uje uzungumze na wanafunzi wangu. Nitakuandikia pembeni.

Bado nasimamia hoja yangu ya mfumo wa kupima, ila nakubali Kijana wa Bahi ameona nisichokiona. Mimi mwenyewe kwenye miongozo yangu ya utafiti sijaandika popote namna ya kumtaja babu.

#26 Mwalimu_Kibaigwa
Na mzee kasimulia kwa lugha gani, Dokta? Angeambiwa asimulie kwa Kiingereza tungempata?

#27 Fundi_AreaC
Mwalimu harudi nyuma hata hatua. Na adabu je, Mzee? Umesema mtoto anangoja zamu. Dada yetu anapanda Jumanne mbele ya wakubwa.

#28 Mzee_wa_Mnadani
Amenong'oneza kwanza, ameandika barua. Wakamwita. Amefuata utaratibu wote.

#29 Haubi_Juu
Nimenakili yote kwenye daftari, kwa Kiswahili kwanza, nitatafsiri mwenyewe. Jina lako silitaji babu, nitasema "mzee aliyekuwa na miaka kumi na mbili". Semina ni saa nane mchana huku, kwenu saa kumi. Mpwapwa, nitasema kitu ndani ya dakika kumi za mwanzo, hata kama ni kuuliza maana ya neno.

Babu, jambo moja nimelikosa. Yule ng'ombe alikuwa wa rangi gani?

#30 Mzee_wa_Mnadani
Mwekundu, paji jeupe. Pembe ya kushoto ilivunjika ncha.